Koti la rubani: Joto, cheo na imani ya abiria

ASUBUHI za Julai katika nyanda za juu za Mau Narok huanza kwa umande mzito na ukungu unaochelewa kuondoka juu ya mashamba ya viazi, ngano na shayiri. Eneo hilo la Kaunti ya Nakuru, lililo mpakani na Kaunti ya Narok, limeinuka zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake hulijua koti kuwa kifaa cha kazi. Mkulima hulivaa akienda shambani, mwanafunzi hulivaa juu ya sweta ya shule, naye dereva wa matatu ya kuelekea Njoro na Nakuru mjini hulifunga hadi shingoni kabla ya kuwasha gari.

Dereva huyo hujikuta katika njia panda. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo Wakenya wamezizoea kwa jina la waziri wa wakati huo, marehemu John Michuki, ziliwataka madereva na makondakta wa magari ya abiria wavae sare. Akilivaa koti lake juu ya sare, baridi humpungukia, lakini abiria hawezi tena kuiona sare yenyewe.

Marubani wa ndege wamekabiliwa na suala hilo hilo kwa takriban karne moja. Vazi lao la nje linatarajiwa kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kumkinga mvaaji na baridi, kuonyesha cheo chake, na kumtuliza abiria anayeyakabidhi maisha yake kwa mtu asiyemfahamu. Kazi hizo tatu hazipatani kila mara, na hapo ndipo maoni ya marubani wenyewe hutofautiana.

Baridi ya angani

Kwa kipimo kinachotumiwa katika usafiri wa anga kote duniani, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kila mtu anapopanda mita 1,000. Hii ndiyo sababu Mau Narok ni baridi kuliko Nakuru mjini, ulio katika kimo cha karibu mita 1,850, ilhali mwendo kati ya sehemu hizo mbili si mrefu.

Ndege kubwa ya abiria ikifika futi 35,000, hewa iliyo nje huwa na baridi ya takriban nyuzi 54 chini ya sufuri. Hata hivyo, rubani wake huketi katika chumba chenye hewa iliyoshindiliwa na kupashwa joto, na kwa kawaida hulivua koti lake, akalitundika nyuma ya kiti na kufanya kazi akiwa na shati. Mikanda ya kiti hupita mabegani, na koti zito humzuia kuifikia mitambo iliyo juu ya kichwa chake.

Hali ni tofauti katika ndege ndogo. Zile zinazobeba watalii kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Maasai Mara huvuka Bonde la Ufa na kuupita ukuta wake wa magharibi. Nyingi kati ya hizo hazina hewa ya kushindiliwa, na kifaa cha kupasha joto hakitoshelezi kila mara. Rubani huondoka alfajiri akitetemeka, na ifikapo saa sita mchana huwa anapakua mizigo kwenye kiwanja cha vumbi chini ya jua kali. Vazi lililomfaa saa kumi na mbili asubuhi huwa mzigo saa sita baadaye.

Njoro na enzi ya ngozi

Historia ya vazi hilo ina mizizi karibu na Mau Narok kuliko wengi wanavyodhani. Beryl Markham, mmoja wa marubani mashuhuri zaidi katika historia ya Kenya, alilelewa Njoro, chini ya mteremko wa Mau, ambako baba yake alikuwa na shamba la farasi. Alianza kwa kufunza farasi wa mashindano, kisha akajifunza kurusha ndege, na mnamo 1933 akawa mwanamke wa kwanza humu nchini kupata leseni ya urubani wa kibiashara.

Tarehe 4 Septemba, 1936, Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake katika ndege ya injini moja, akielekea magharibi kuvuka Bahari ya Atlantiki. Baada ya takriban saa 21 injini ilizimika, akatua kwa kishindo kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Canada. Inaaminika kwamba barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi la mafuta. Alinusurika, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini.

Katika enzi hiyo, swali la sura ya kitaaluma halikuwa limezuka kwa uzito. Ndege nyingi zilikuwa wazi juu, na rubani alipigwa na upepo, mvua na mafuta yaliyorushwa na injini. Alihitaji kofia ya ngozi, miwani, glavu na koti refu la ngozi au ovaroli nzito. Mnamo 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, rubani Sidney Cotton kutoka Australia alibuni ovaroli maalumu ya kuhifadhi joto, nayo ikaenea haraka miongoni mwa wanajeshi wa anga wa Uingereza. Jeshi la Marekani nalo liliidhinisha mwaka wa 1931 koti fupi la ngozi lililoitwa A-2, ambalo umbo lake lingali linaigwa na washonaji wa leo.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Nakuru ilipata kituo cha kuwafunzia marubani wa jeshi la anga la Uingereza. Koti lililopendwa na wanajeshi hao katika ndege zilizopanda juu sana lilikuwa lile la Irvin, lililoshonwa kwa ngozi ya kondoo huku manyoya yakiachwa upande wa ndani. Mfugaji wa kondoo wa Molo au Mau Narok hahitaji kufafanuliwa kwa nini lilipendwa.

Ubaharia waingia angani

Sare ya buluu iliyokoza yenye vifungo vya dhahabu haikutokana na baridi. Ilitokana na biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, shirika la Pan American la Marekani lilianza kutumia ndege kubwa zilizotua majini. Abiria wengi waliogopa kuruka, lakini walikuwa wamezoea kusafiri kwa meli. Shirika hilo likawavisha marubani wake mavazi yanayofanana na ya maafisa wa meli, na likawaita kwa vyeo vya baharini. Nahodha wa meli akawa kapteni wa ndege, naye msaidizi wake akaitwa afisa wa kwanza.

Mbinu hiyo ilifaulu, na mashirika mengine yakaiga. Wakazi wa Bonde la Ufa waliishuhudia kwa macho yao, kwa kuwa Ziwa Naivasha lilitumiwa na ndege za majini za shirika la Uingereza la BOAC hadi mwaka wa 1950. Shirika la East African Airways, lililoundwa 1946, lilirithi mtindo huo, na Kenya Airways, iliyoanzishwa 1977 baada ya kusambaratika kwa shirika hilo la pamoja, ikauendeleza.

Katika mpangilio ulioenea zaidi duniani, kapteni huvaa tepe nne na afisa wa kwanza tepe tatu. Kwenye shati tepe hizo huwa mabegani, na kwenye koti la suti huzungushwa kwenye mikono karibu na kiganja. Mpangilio wa tepe hubuniwa na mashirika yenyewe, na hutofautiana kidogo kutoka shirika moja hadi jingine.

Hata hivyo, wajibu unaowakilishwa na tepe nne unatambuliwa na sheria. Chini ya kanuni zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, kila ndege huwa na rubani mmoja mwenye uamuzi wa mwisho kuhusu usalama wake, awe ndiye anayeshika usukani wakati huo au la. Moshi ukitokea, abiria akizusha rabsha au uwanja ukifunikwa na ukungu, wahudumu wote wanapaswa kujua ni nani wa kutoa amri. Tepe huwawezesha kumtambua hata kama hawajawahi kukutana naye, jambo la kawaida katika mashirika makubwa ambamo wafanyakazi hubadilishwa kila safari.

Suti au jaketi?

Mjadala mkuu miongoni mwa marubani unahusu aina ya vazi la nje. Kambi ya kwanza hutetea koti la suti. Hoja yao ni kwamba abiria humtazama rubani akipita ukumbini kabla ya safari, na kwamba mtu aliyejipanga katika mavazi huaminiwa kuwa amejipanga pia katika kazi. Wao huongeza kwamba koti lenye tepe mikononi halifichi cheo, kwa hivyo halina tatizo analokumbana nalo dereva wa matatu ya Mau Narok.

Kambi ya pili hupendelea jaketi fupi, hasa la ngozi, ambalo baadhi ya mashirika, yakiwemo ya Marekani, huruhusu marubani wake walivae badala ya suti. Hawa husema kwamba koti la suti halizuii upepo wala mvua, hukunjamana likiwekwa kwenye sanduku, na humbana mtu anapoizunguka ndege kuikagua. Ukaguzi huo hufanywa nje kabla ya safari, hata usiku wa manane na hata mvua ikinyesha. Rubani huinama kutazama magurudumu, huinua shingo kuchunguza mbawa, na huweza kuguswa na mafuta au grisi.

Wapinzani wa jaketi la ngozi hujibu kwamba kila mtu anaweza kulinunua sokoni, na kwamba likichakaa humfanya mvaaji aonekane kama mtu aliyetoka matembezini. Baadhi ya mashirika yametafuta suluhu kwa kutumia sweta au jaketi la sufu lenye nafasi ya tepe mabegani, ili cheo kionekane bila kujali hali ya anga.

Kofia nayo imezua mvutano. Kuna wanaoamini kwamba sare bila kofia haijakamilika, na kuna wanaolalamika kwamba haina pa kuwekwa katika chumba cha marubani na hupeperushwa na upepo wa injini. Mashirika kadhaa yameifanya kuwa ya hiari.

Kizibao chenye rangi inayong'aa nacho kimeingia katika orodha. Viwanja vingi huwataka wote wanaotembea mahali ndege zinapoegeshwa wakivae ili waonekane na madereva wa magari ya mizigo na ya mafuta. Kuna marubani wanaonung'unika kwamba kinafunika sare na kuwafanya wafanane na vibarua. Hoja ya usalama ina uzito zaidi, kwani dereva wa trela la mizigo gizani hana haja ya kujua cheo cha mtu. Anachohitaji ni kumwona.

Mwanamke na sare ya kiume

Kwa miongo mingi sare hizo zilishonwa kwa kipimo cha mwanamume. Wanawake walipoingia katika taaluma hiyo, wengi walikuta makoti yaliyopwaya mabegani na kubana kwingineko, pamoja na masharti kuhusu tai, sketi na nywele ambayo hayakuwa yamewafikiria.

Humu nchini, jina lililotajwa sana katika safari hiyo ni la Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways. Mnamo 2014 alitambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner. Picha zake akiwa na tepe nne zilisambaa katika magazeti na zikawa ushahidi kwa wasichana wengi kwamba kiti cha kushoto katika chumba cha marubani hakina jinsia.

Kwingineko duniani masharti yameendelea kulegezwa. Mwaka wa 2022 shirika la Virgin Atlantic la Uingereza liliwaruhusu wafanyakazi wake, wakiwemo marubani, kuchagua sare wanayoona inawafaa bila kujali jinsia. Kuna waliosifu hatua hiyo na kuna waliosema inapunguza usawa wa mwonekano ambao ndio msingi wa sare.

Kitambaa na moto

Suala ambalo abiria hulifikiria kwa nadra ni aina ya kitambaa. Nailoni na polista ni nyepesi, hazikunjamani na hukauka upesi, kwa hivyo huwavutia wanunuzi wa sare. Hata hivyo, vitambaa hivyo huyeyuka vinapopata joto kali na vinaweza kunata kwenye ngozi ya mtu. Sufu na ngozi hazishiki moto upesi na haziyeyuki. Pamba huweza kuungua, lakini nayo haiyeyuki mwilini.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usalama wa ndege wamekuwa wakishauri wasafiri na wahudumu wavae nguo za nyuzi asilia na viatu vilivyofungwa. Marubani wa kijeshi huvaa ovaroli za kitambaa maalumu kisichoshika moto kwa urahisi. Mjadala wa suti na jaketi, kwa hivyo, haupaswi kukomea kwenye umbo. Koti lililopendeza lakini likashonwa kwa nailoni tupu halimsaidii mvaaji siku ya ajali.

Marubani wasio na tepe

Si kila rubani hutembea ukumbini akitazamwa. Wapo wanaonyunyizia dawa mashamba na wanaopambana na wadudu na ndege waharibifu. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa kwa mkataba wa 1962, limetumia ndege kunyunyizia dawa si nzige pekee bali pia kwelea kwelea, ndege wadogo wanaowasumbua sana wakulima wa ngano. Nzige walipovamia Kenya kuanzia mwishoni mwa 2019 na katika mwaka wa 2020, Wakenya wengi waliona kazi ya marubani wa aina hiyo kwa mara ya kwanza.

Rubani huyo huruka chini sana, karibu na miti na nyaya za umeme, akiwa amebeba sumu. Vazi lake ni ovaroli, helmeti na glavu. Kwake, sura ya kitaaluma ni kujikinga ipasavyo, na mtu angemshangaa akija kazini na suti.

Rubani wa ndege ya kuwabeba wagonjwa naye huwa na mahitaji yake. Anapotua kijijini huenda akalazimika kushika upande mmoja wa machela. Kwa hivyo, marubani wengi wa ndege ndogo hushikilia kwamba usafi, nguo zilizopigwa pasi na tepe zinazoonekana zinatosha, na kwamba koti linapaswa kuchaguliwa kulingana na kazi.

Leseni ndiyo msingi

Katika mjadala wote huu, jambo moja halina mvutano. Sheria haimtambui rubani kwa koti lake. Humu nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya (KCAA), kwa kuzingatia viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Viwango hivyo humtaka mwombaji wa leseni ya kibiashara awe na angalau miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 akiwa amefuata mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Leseni ya juu zaidi, inayohitajika kwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1,500. Zaidi ya hayo, rubani hupimwa afya mara kwa mara, na cheti chake kikiisha muda haruhusiwi kuruka hata kama tepe zake zinang'aa.

Hatari ya kuamini sare peke yake ilidhihirika Machi 2010 katika uwanja wa Schiphol, Amsterdam. Polisi walimkamata rubani raia wa Sweden akiwa tayari kwenye chumba cha marubani, abiria wakiwa ndani. Ilibainika kwamba alikuwa amerusha ndege za abiria kwa takriban miaka 13 bila leseni halali ya kazi hiyo. Katika muda huo wote alivaa sare, alisalimiwa kwa heshima, na hakuna abiria aliyemshuku. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Funzo hilo lina uzito wa pekee kwa familia za Mau Narok, Njoro na Molo ambazo zina watoto wenye ndoto ya urubani. Masomo hayo hugharimu mamilioni ya shilingi, na kuna wazazi wanaouza mashamba ili kuyalipia. Katika vyuo vingi mwanafunzi huvishwa shati jeupe na tepe mapema, kulingana na hatua aliyofika, na picha yake hufika nyumbani kabla ya leseni. Mzazi anayetaka kujua maendeleo ya mwanawe anafaa kuuliza amefikisha saa ngapi za kuruka, amefaulu mitihani ipi ya KCAA, na iwapo chuo chenyewe kimeidhinishwa na mamlaka hiyo. Majibu ya maswali hayo huandikwa katika daftari la safari za rubani na katika stakabadhi za mamlaka, wala hayashonwi begani.

Baada ya hayo kutimia, koti litapata maana yake. Litamkinga mvaaji na baridi ya alfajiri, litawaonyesha wenzake ni nani anayewajibika, na litampa abiria utulivu ambao utakuwa na msingi.